Kitabu Kisicho na Maswali Mwishoni

Katika vikao vya wazazi hapa Dodoma kuna lalamiko ambalo sisi tunaofundisha darasa la tano na la sita hulisikia kila muhula. Mtoto alipokuwa mdogo alipenda vitabu, alisoma kila bango la barabarani na kila pakiti ya majani ya chai, na sasa hata umbembeleze vipi hashiki kitabu ila kwa kusimamiwa. Mzazi husema hayo kwa masikitiko ya kweli, na mara nyingi humalizia kwa kuilaumu simu. Mimi siamini kwamba simu ndiyo chanzo, kwa kuwa lalamiko hilohilo nililisikia nilipokuwa nikifundisha kijijini, upande wa Mvumi, ambako mtoto wa miaka 11 alishika simu pale tu alipotumwa kuipeleka kuchajiwa. Ninaona chanzo kiko karibu zaidi na sisi wenyewe: ni namna tunavyomkabidhi mtoto kitabu anapofikisha miaka 9 au 10, na kile tunachomdai mara tu anapokifunga.

Maandishi ya Kiswahili humrahisishia mtoto hatua ya kwanza. Irabu ni tano tu, herufi hazibadilishi sauti ovyo, na mtoto akishazimudu silabi, kuanzia ba be bi bo bu hadi mbwe na nywa, anaweza kutamka neno lolote hata kama hajawahi kulisikia maishani mwake. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tatu, na pale shule inapofanya kazi yake ipasavyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kukusomea ukurasa wa kwanza wa gazeti bila kukwama. Hapo ndipo tunapodanganyika. Mtoto anatamka “mfumuko wa bei” na “upembuzi yakinifu” kwa sauti safi, mzazi anatabasamu, na nyumba nzima inahitimisha kwamba kazi imekwisha, ilhali maana yote imebaki gazetini.

Mtaalamu wa Marekani, Jeanne Chall, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika mwaka 1983 kuhusu hatua ambazo msomaji huzipitia, na alieleza kwamba yapata darasa la nne mambo hugeuka: hadi hapo mtoto alikuwa akijifunza kusoma, na kuanzia hapo anatakiwa asome ili ajifunze. Sentensi zinarefuka, maneno yanakuwa ya vitabuni zaidi kuliko ya nyumbani, na mtoto ambaye hazina yake ya maneno ni ndogo huanza kuachwa nyuma hata kama alisoma vizuri sana mwaka uliotangulia. Aliyaandika hayo kwa kuwatazama watoto wa huko kwao, lakini mwalimu yeyote wa mkoa huu atamwelewa haraka. Katika vijiji vya Chamwino na Bahi mtoto huzungumza Kigogo hadi anapovuka geti la shule, Kondoa ni Kirangi, na huko Chemba wapo wanaozungumza Kisandawe. Kiswahili cha vitabuni, chenye “hatimaye” na “licha ya” zake, wanakutana nacho kwenye karatasi tu. Anayekutana nacho mara chache hubaki mgeni wake.

Wakati huohuo, yaani mwaka uleule ambao kusoma kunakuwa kugumu, ndipo unapokuja Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Kuanzia hapo kila kifungu cha habari anachokisoma mtoto kina mkia wa maswali. Kichwa cha habari kinachofaa ni kipi? Neno lililopigiwa mstari lina maana gani? Tunajifunza nini kutokana na habari hii? Nisieleweke vibaya: ufahamu ni somo la lazima, ninalifundisha, na ninayasahihisha madaftari yake hadi usiku. Tatizo ni kwamba hakuna maandishi mengine yanayobaki pembeni yake. Mtoto akirudi nyumbani na kitabu cha hadithi, baba anamuuliza amejifunza nini; akimaliza, mama anamtaka asimulie; akisimulia vibaya, anaambiwa hakusoma. Kwa watu wazima mambo hayako hivyo. Hakuna anayetusimamisha mlangoni mwa chumba cha kulala kutuuliza wahusika wakuu wa gazeti tulilolisoma walikuwa nani. Tungeulizwa kila siku, na sisi tungeyakimbia magazeti.

Kwa hiyo ninachokitetea ni kidogo tu: mtoto mwenye umri kati ya miaka 10 na 14 awe na kitabu kimoja, wakati wowote wa mwaka, ambacho hataulizwa swali lolote juu yake.

Kwenye kibaraza cha nyumba yetu, Nkuhungu, tuna ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko, kwa sababu kabati la mbao mchwa waliligeuza chakula chao na vumbi la Dodoma la mwezi Septemba halina adabu. Ndani yake mna vitabu vya kila namna, vingi vimeshatumika, vyote vimewekewa kava za karatasi za mifuko ya saruji, ambazo hazikosekani katika mji unaojengwa kila kona. Watoto wa mtaani huja Jumamosi asubuhi baada ya kazi za nyumbani, na wakati wa likizo ya Juni huja karibu kila siku. Kuna daftari la kuazima. Mtoto mwenyewe huandika jina lake, jina la kitabu na tarehe. Siku ya kurudisha hupiga mstari. Hakuna safu ya maoni wala ya kuandika kama alimaliza. Anayerudisha kitabu kesho yake asubuhi kwa kuwa kimemchosha ukurasa wa tatu anapokelewa sawasawa na aliyekaa nacho mwezi mzima. Mwanzoni wengi walijitetea bila kuulizwa, wakaeleza kwamba mdogo wao alikuwa mgonjwa au taa iliisha chaji, na ilichukua muda hadi walipoamini kwamba utetezi hauhitajiki.

Kisa kimoja kitaonyesha ninachokisema. Mvulana wa darasa la tano alikuwa amekaa ukutani na kitabu ambacho, kwa unene wake, kilikuwa kimempita kidogo. Kurasa za mwanzo zilikuwa za mandhari: mto, mashamba, nyumba ya chifu, mto tena. Aliniita. “Mwalimu, naruhusiwa kuruka hapa?” Nikamwambia aruke. Alinitazama kuhakikisha kwamba simtegi, kisha akafunua kurasa hadi alipomkuta chui ameshaingia zizini, akaanzia hapo. Baada ya muda mfupi nikamwona anafunua kurudi nyuma, kidole chake kikitafuta mstari baada ya mstari. Alitaka kujua chui yule alipitia wapi, na jibu lilikuwa katika maelezo yaleyale ya mto na mashamba aliyoyaruka. Aliyasoma yote. Kama ningemlazimisha kuanza nayo, nina hakika kitabu kile kingerudi ndooni kabla ya saa sita.

Haki nyingine ambayo wazazi huiona kuwa ni uvivu ni ya kurudia. Kuna msichana ambaye huazima kitabu kilekile kila anapopata nafasi, na mama yake alikuja kuniuliza kama akili ya mtoto iko sawa. Iko sawa kabisa. Mara ya kwanza msomaji huyo mdogo hukimbilia mwisho ili ajue nani kapona. Mara ya pili huona utani uliomponyoka. Mara ya tatu sentensi za kitabu huanza kuingia katika insha zake, na mwalimu wake wa Kiswahili hushangaa zimetoka wapi. Mtu anayeirudia kaswida au wimbo hatumwiti mvivu.

Ugumu mkubwa zaidi, na hapa lawama si ya mzazi, ni kwamba vitabu vya Kiswahili vya umri huu ni vichache. Kwa watoto wadogo hali si mbaya. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, ulifanya kazi kubwa ya kuwawezesha waandishi na wachapishaji wa hapa nchini kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili na kuvifikisha shuleni, na walimu wa rika langu tunaukumbuka kwa shukrani. Rafu inayofuata, hata hivyo, ni ya riwaya na tamthiliya za sekondari, zenye rushwa, ndoa zilizovunjika na mijadala ya siasa, vitabu vizuri lakini vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wazima. Katikati pana pengo. Mtoto wa miaka 12 haoni tena fahari ya kusoma habari za sungura mjanja zenye picha ukurasa mzima, na hawezi bado kuhuzunika pamoja na mtumishi wa umma aliyesimamishwa kazi. Anamtaka shujaa wa miaka 13 au 14, aliye mbali na mama yake, mwenye rafiki mmoja mcheshi na adui mmoja hatari, na anataka sura fupi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imewapa waandishi sababu ya kutoa miswada iliyokuwa imefungiwa kabatini, na ningefurahi siku moja kusikia inatangaza zawadi kwa ajili ya wasomaji wa umri huu peke yao.

Wakati tunasubiri vitabu hivyo viandikwe, njia ninayoiamini kuliko zote ni ya kuwasomea kwa sauti. Ninajua wazazi wengi huiacha mtoto anapojua kusoma mwenyewe, wakidhani imemaliza kazi yake, lakini mtoto wa darasa la tano huelewa kwa masikio hadithi ngumu zaidi kuliko anayoweza kuisoma kwa macho yake. Ukimsomea, unamvusha juu ya lile pengo. Haihitaji ufundi wa mtangazaji wa redio. Baada ya chakula cha usiku, vyombo vikiwa vimeondolewa, mtu mmoja anasoma sura moja kwa sauti yake ya kawaida, wengine wanaendelea kuchambua mchele au kunyoosha sare za shule. Anayesoma awe amepitia sura hiyo kabla, ili ajue pa kupumua na pa kuishia. Pa kuishia ni muhimu. Mimi huacha pale ambapo mlango umeanza kufunguka na hatujui nani anaingia. Ninakiacha kitabu mezani, ninakwenda kulala. Wanaonuna ndio wanaoamka mapema kukichungulia. Katika nyumba nyingi anayeweza kusoma vizuri zaidi si baba wala mama, ni dada wa kidato cha tatu au mjomba aliyekuja kusoma UDOM, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Mzazi ambaye hakubahatika kwenda shule anaweza kuwa ndiye anayedai sura ya pili, na dai lake lina uzito kuliko mahubiri yangu yote.

Pia tunazo hadithi ambazo hazijawahi kuingia kitabuni. Bibi akisema “Hadithi, hadithi!” na watoto wakaitikia “Hadithi njoo!”, humo mna vitabu kadhaa ambavyo havijachapwa. Likizo moja tuliwapa watoto daftari wakaenda kwa mababu zao, Kigwe, Mpwayungu na Kongwa, wakarudi na masimulizi waliyoyaandika kwa mkono: fisi, majoka ya visimani, mwaka wa njaa, ng'ombe aliyekataa kuuzwa. Tuliyashona kwa uzi, tukayawekea kava kama mengine. Tahajia yake inatia huruma, lakini ndiyo yanayoazimwa sana, kwani kila mtoto anataka kuona bibi wa mwenzake kasema nini.

Tusidhani pia kwamba kila mtoto anatafuta hadithi. Mvulana mmoja wa darasa la sita alikuwa akija kibarazani kwa ajili ya kuwafuata wenzake tu, vitabu hakuvigusa. Kilichomhusu ni treni. Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ianze safari za Dodoma mwaka 2024, alikuwa amemsumbua mjomba wake hadi akapelekwa stesheni kuitazama. Nikampa makala kuukuu ya gazeti kuhusu reli hiyo. Aliirudisha na kipande cha karatasi alichokiandikia mwenyewe: reli ya zamani upana mita 1, reli mpya milimita 1,435, kasi hadi kilomita 160 kwa saa. Halafu akauliza ile ya zamani ilijengwa na nani. Nikamtafutia kitabu cha historia cha sekondari, akakuta kwamba Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Miaka mitatu kutoka Morogoro hadi hapa! Alikasirika kabisa, akataka kujua walikuwa wanafanya nini muda wote huo. Ndivyo alivyofika kwenye habari za misafara ya kale na nyika ya Marenga Mkali, ambayo wapagazi waliiogopa kwa kukosa maji, na ndivyo mtoto ambaye “hapendi kusoma” alivyojikuta anasoma maandishi ya kidato cha pili akiwa na penseli sikioni. Wapo watoto wa namna hii kila mtaa. Mmoja atasoma msimamo wa ligi na kukueleza kwamba Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, mwingine atasoma maelezo ya dawa ya zabibu kwa kuwa baba yake ana shamba, mwingine atarudi kutoka Kolo, Kondoa, kutazama ile michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na kwa wiki nzima hataki kusikia kitu kingine. Gazeti la michezo, kipeperushi cha bwana shamba na kitabu cha katuni ni kusoma. Mzazi anayemnyang'anya mtoto katuni ili ampe “kitabu cha maana” mara nyingi huishia kumwacha bila vyote viwili.

Sasa niseme jambo ambalo huwa linanipandisha hasira kidogo. Tunapozungumzia usomaji tunazungumza kana kwamba watoto wote wana muda sawa, na hawana. Msichana wa miaka 12 au 13 katika mji huu na vijiji vyake ana dakika ngapi ambazo ni zake? Anaamka kufagia, anarudi shuleni kuosha vyombo, anambeba mdogo wake, anasonga ugali, na kuanzia Mei hadi Novemba, mvua zikiwa zimetuaga, kuna foleni ya maji. Kaka yake wa umri uleule yuko uwanjani. Akionekana amekaa na kitabu, husikia “umekaa tu?”, kwa maana kitabu machoni mwa watu hakihesabiwi kuwa shughuli, isipokuwa kama kesho kuna mtihani. Nimemwona mmoja kwenye foleni ya bomba, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kitabu amekifunga ndani ya mfuko wa plastiki ili kisilowe, anakitoa, anasoma ukurasa, anasogeza ndoo, anakitoa tena. Inapendeza kuitazama, na haipaswi kuwa hivyo. Nusu saa ya msichana itajwe kwa jina lake, ijulikane na kila mtu nyumbani kwamba kuanzia saa fulani hadi saa fulani hatumwi, na vyombo vya jioni hiyo vioshwe na kaka. Sijawahi kuona mvulana aliyeugua kwa sababu ya sufuria.

Kuna kundi jingine ambalo hujificha. Ni vijana wa miaka 13 na 14 ambao kusoma kwenyewe bado kunawashinda, ingawa wamefika darasa la saba. Wamejifunza mbinu zote za kukwepa: kuomba ruhusa ya kwenda chooni, kunong'onezwa na jirani, kufanya fujo ili watolewe nje kabla zamu yao haijafika. Kitabu kinachowafaa kwa kiwango ni cha mtoto wa miaka 7, na hakuna kijana mwenye ndevu za kwanza atakayekubali kuonekana nacho. Dawa tuliyoiona inafaa ni kumpa kijana huyo kazi ya kuwasomea wadogo. Anaambiwa, mbele ya wenzake, kwamba tuna upungufu wa wasomaji wa watoto wa chekechea, je, atatusaidia Jumamosi? Anachukua kitabu chembamba nyumbani kwenda “kujiandaa”, anakisoma mara nyingi bila kuchekwa na mtu, na Jumamosi anakaa katikati ya wadogo ambao kwao yeye ni msomi mkubwa. Heshima yake haiguswi. Baada ya muda huanza kuchagua vitabu vyenye maandishi mengi zaidi, kwa kisingizio kwamba wadogo wamevichoka vile vya kwanza.

Kuhusu Kiingereza nitasema machache, kwa sababu ni mjadala unaojitosheleza. Mtoto anamaliza shule ya msingi akiwa amefundishwa kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza kinampokea kwa Kiingereza karibu masomo yote, hivyo wazazi wengi huviondoa vitabu vya Kiswahili nyumbani miaka miwili kabla. Ninawasihi wasifanye hivyo. Anayesoma kwa raha katika lugha moja hubeba mazoea hayo kwenda nayo katika lugha ya pili: kubahatisha maana ya neno kwa kutazama yaliyo jirani yake, kuvumilia asichokielewa hadi aya inayofuata, kukisia kinachokuja. Vitabu vya Kiingereza viongezwe pembeni, vyembamba kuliko fahari ya mzazi inavyopenda. Wale waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea wana shida iliyogeuzwa, kwani Kiswahili wanakiongea vizuri lakini wakikisoma wanachechemea. Nao wasomewe kwa sauti kwa Kiswahili, hata kama wataanza kwa kucheka.

Simu nayo, kwa kuwa ipo, itumike. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo, na mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini umeweka hadithi nyingi za bure katika lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Nyingi ni fupi na zinawalenga watoto wadogo, kwa hiyo zinawafaa hasa vijana wetu wa kusomea wadogo. Zipakue pamoja siku yenye bando, zisomwe baadaye. Na kwa wanaokaa mjini, Maktaba ya Mkoa ipo. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na bado wapo wazazi wenye watoto wakubwa ambao wanaidhania kuwa ni mahali pa wanachuo kujiandalia mitihani tu. Mpeleke mtoto siku ambayo huna haraka, mwache azunguke kwenye rafu peke yake, wewe kaa na gazeti lako.

Mashindano ya nani amesoma vitabu vingi zaidi mimi nimeyaacha. Watoto si wajinga. Ukihesabu vitabu, watakuletea vyembamba, na aliyekuwa katikati ya kitabu kinene ambacho kinamfurahisha atakitupa ili asipitwe. Fedha ndiyo mbaya zaidi. Mtoto anayelipwa kusoma ameshaambiwa kwamba kusoma ni kibarua.

Wazazi huniuliza, na ni swali la haki, watajuaje basi kama mtoto ameelewa, ikiwa haruhusiwi kuulizwa. Kaa karibu na watoto wawili waliosoma kitabu kimoja. Watabishana. Mmoja atasema mjomba yule alijua tangu mwanzo, mwingine atasema hakujua, na kitabu kitafunguliwa kutafuta ushahidi kwa ukali ambao hakuna mtunga mitihani ameweza kuuamsha. Ndiyo maana ninapopata kitabu kizuri hutafuta nakala ya pili kabla ya kutafuta kitabu kingine.

Dodoma ni mji wa uhamisho, na kila mwaka kuna familia za watumishi zinazofunga mizigo kwenda mikoa mingine. Vitabu huwa vya mwisho kufungwa na vya kwanza kuachwa, na vingi huishia kwa muuza karanga, ukurasa mmoja mmoja. Anayehama, na ana vitabu vya watoto wa darasa la nne hadi kidato cha pili, asiviuze kwa kilo. Vinavyokosekana zaidi kwetu ni vitabu vya wanyama, vya safari, na chochote chenye treni.